Dini yako ipi? Inategemea nani kasikia

Juzi nilikuwa napitia matokeo ya sensa ya Kenya ya 2019, nikakuta watu 755,750 wamejibu hawana dini, kama asilimia 1.6 hivi, nikacheka maana kule England na Wales sensa ya 2021 waliosema hivyo ni asilimia 37.2 na Wakristo wameshuka chini ya nusu. Sisi Bongo ndo kabisaa, sensa haijauliza dini tangu 1967, na mi naona bora iwe hivyohivyo, zile hesabu zingeleta ligi isiyoisha.

Ila hizi namba bana... karani kaingia kwenu, bimkubwa kakaa mkekani anachambua mchele, tasbihi inaning'inia kwenye msumari, we utasema huna dini? Labda uwe na pengine pa kulala. Halafu Pew, wale watafiti wa Marekani, walihoji Watanzania, ripoti ikatoka 2010, asilimia 93 wakasema wanaamini uchawi, na ni haohao wa Ijumaa na Jumapili. Mi hayo mambo siamini, lakini bundi akilia juu ya bati saa nane usiku nasoma kila dua ninayoijua.