Jinsi tulivyopunguza bili ya maji kiwandani Jinja

Nasimamia uzalishaji katika kiwanda kidogo cha juisi hapa Jinja, Uganda. Mto Nile unatoka Ziwa Victoria mbele ya macho yetu, kwa hiyo ilikuwa kazi kumshawishi mtu kwamba maji ni gharama. Mpira wa kuoshea sakafu uliachwa ukitiririka hadi chai iishe.

Bili ilipofikia mishahara ya watu wawili, bosi aliniita. "Mwanangu, ama maji yapungue, ama watu wapungue." Sikulala. Hao wawili nawajua hadi watoto wao.

Nilianza na mita. Jioni tulipofunga nikaandika namba. Alfajiri, kabla ya bomba lolote kufunguliwa, nikaisoma tena. Uniti tatu zilikuwa zimekwenda! Uniti moja ni lita 1,000, yaani jerikani 50. Fundi alichimba nyuma ya stoo, akakuta bomba limepasuka.

Kilichoniuma zaidi ni bili yenyewe. Maji taka yetu hayapimwi. Malipo yake hukokotolewa kwa maji safi yaliyopita kwenye mita. Basi yale yaliyopotelea ardhini tuliyalipia kama maji safi, kisha kama maji taka, ilhali hayakufika mferejini. Ndiyo maana kila uniti unayookoa inakurudishia zaidi ya bei yake.

Bosi akataka kuchimba kisima. Nikamweleza kwamba chini ya Sheria ya Maji ya 1995, kuvuta maji kwa pampu ya mota kunahitaji kibali, nacho hulipiwa. Tulipojumlisha na gharama za uchimbaji na umeme, akaghairi.

Badala yake tulinunua tangi kwa mkopo. Maji ya kupozea juisi iliyochemshwa, ambayo zamani yalipita mara moja na kumwagwa, sasa yanazunguka, na ya ziada huosha kreti na sakafu. Matunda na chupa hatuvioshi kwa maji hayo. Hapo ni maji safi tu. Mkopo uliisha kwa miezi saba.

Naunga mkono viwanda kulipia maji, maana bila bili ile bomba lingevuja hadi leo. Lakini jirani yangu anayetengeneza sabuni hana dhamana ya kukopea tangi. Bei ikipanda, yeye hupunguza siku za kazi, na vibarua wake ndio wanaolipa. Nimemwazima daftari langu la mita, aanze kusoma mita yake usiku.