Nilivyokirudishia kijito ukingo wake

Shamba langu la mboga linateremka hadi kijitoni. Kila mvua kubwa iliponyesha, maji yaligeuka mekundu kwa udongo uliotoka kwangu na kwa majirani. Kiangazi tulichota sote humohumo, hadi sehemu za chini zikabaki madimbwi. Nikaamua kuanza na ukingo wa upande wangu.

Ukanda wa hatua kama kumi kutoka kwenye maji niliacha kuulima. Matete yakarudi yenyewe, nami nikaongeza miti ya asili na nyasi zenye mizizi mirefu. Kuyaacha matuta yale kuliniuma, maana ardhi ya ukingoni ndiyo yenye rutuba kuliko yote. Lakini mizizi hushika udongo, nyasi hupunguza kasi ya maji ya mvua, na sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi ya mbolea hunaswa humo. Zikifika kijitoni, mwani hustawi kupita kiasi. Ukifa na kuoza, bakteria huimaliza oksijeni na samaki hukosa pumzi. Bomba la kupulizia dawa nalo naliosha juu shambani, mbali kabisa na maji.

Kazi iliyotaka subira ni umwagiliaji. Kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji baridi ambayo binadamu huyachota duniani, kwa hiyo mkulima akipunguza, mto hupata nafuu. Niliweka matandazo ya nyasi kavu, nikatandika mipira ya matone, yaani ile inayodondosha maji polepole kwenye mimea, na namwagilia alfajiri au jioni. Kwanza natia kidole udongoni. Kukiwa na unyevu chini, siku hiyo siifungulii mipira maji. Mipira huziba, jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana: osha chujio mara kwa mara, na fungua ncha za mipira uchafu utoke.

Ili kujua kama inasaidia, nainua mawe kijitoni. Zamani nilikuta zaidi vibuu vyekundu, vinavyovumilia maji yenye oksijeni haba. Sasa naona wadudu wachanga wenye nyuzi tatu mkiani na matamvua ya kupumulia pembeni mwa tumbo, ambao wengi wao hawastahimili uchafu. Nilifurahi mno! Nilimwita jirani wa ng'ambo aone, akaomba vishina vya matete, tukavipanda pamoja upande wake. Tunachopanga sasa ni zamu za kuchota maji kiangazi, ili kijito kisikatike kwa walio chini yetu.