Behewa jekundu la Pilatus

Mimi ni mtu wa Moshi, milima hainitishi. Lakini siku ile kule Alpnachstad, Uswisi, nilipopanda behewa jekundu la umeme la mwaka 1937, la reli ya kupanda mlima Pilatus, mikono ilijishikiza kwenye kiti bila kuniuliza. Mwinuko unafika asilimia 48! Ndani limepangwa kama ngazi, kila chumba juu ya mwenzake.

Siri iko chini: magurudumu ya meno yamelazwa ubavu, mawili mawili, yanaibana reli ya katikati kulia na kushoto. Meno ya kusimama yangeweza kuchomoka. Akili ya mhandisi Eduard Locher hiyo, tangu 1889, enzi za mvuke.

Kushuka kulichukua muda zaidi ya kupanda. Mama wa mbele yangu alifumba macho mpaka chini.

Mwaka 2023 yaliingia mabehewa mapya.