Picha moja ya theluji haitoshi

Kilimanjaro ikiamka nyeupe asubuhi moja tu, watu wanaposti picha na maneno ya "si mlisema theluji inaisha?" Mimi nipo zangu Dodoma, mbali na ule mlima, lakini jambo hili linaniuma kweli, maana theluji ya jana usiku na barafu ya zamani ni vitu viwili. Mwaka 1912 barafu ya pale juu ilifunika kama kilomita za mraba 12, kufika 2011 hazifiki hata 2. Na sio joto peke yake, hewa ya kule imekuwa kavu na theluji inayoanguka imepungua tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Ndio maana nazipenda sana rekodi za satelaiti. Marekani wanachora ramani ya theluji ya kaskazini mwa dunia tangu 1966, mwanzoni ilikuwa mtu anakaa na picha anaangalia kwa macho, na shida kubwa ilikuwa mawingu, kwa sababu ukiwa juu wingu ni jeupe na theluji nyeupe. Kifaa cha MODIS, kilichorushwa na satelaiti ya Marekani Desemba 1999, kinapima pia mwanga ambao jicho halioni, theluji inaumeza na mawingu mengi yanaurudisha, basi hapo hapo vinatengana. Kuna satelaiti nyingine zinapokea mawimbi dhaifu ya maikrowevu yanayotoka ardhini yenyewe, hizo hata usiku zinaona na mawingu zinapenya, theluji ikiwa nene mawimbi yanafika machache, ila ikianza kulowa zinachanganyikiwa.

Ukiunganisha miaka yote hiyo, theluji ya mwezi Juni kwenye Aktiki, kule kaskazini kabisa ya dunia, imepungua kama asilimia 13 kila miaka kumi kati ya 1967 na 2018. Weupe ukiondoka ardhi nyeusi inanyonya jua, joto linazidi, inayeyuka zaidi. Na kwa mkulima wa California theluji ya milimani ndio tanki lake, ikiyeyuka mapema maji yanapita kabla hajayahitaji.

Sisi huku theluji hatuna, ila tanki tunalo, lipo chini ya ardhi pale Makutupora, karibu na mji wetu wa Dodoma. Kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950, na utafiti uliotoka 2013 ulipitia miaka 55 ukaona maji hayaongezeki kila msimu, yanaongezeka ile misimu michache ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997/98, halafu yanashuka miaka na miaka. Aisee, hebu fikiria mtu aliyepima miaka mitano tu angetuambia nini! Angesema maji yanaisha kabisa au yapo tele, inategemea alianza lini.

Mji sasa ni makao makuu, watu wanaongezeka na nyumba zinaota kila upande, kwa hiyo natamani sana kile kina kiwe kinawekwa intaneti kila mwezi, mkazi yeyote afungue simu akione.