Bibi amefika kumwona mjukuu

Mwanetu ametimiza miezi 9, alhamdulillahi. Anakaa mwenyewe, anatambaa, meno mawili ya chini yametoka. Juzi kliniki kachomwa chanjo ya surua na rubella, akalia kidogo tu.

Ila furaha kubwa ni mama yangu kuja kutoka Tanga, na nazi zake na khanga za kumbebea mjukuu. Siku ya kwanza mtoto alimkataa katakata (umri huu sura ngeni huwatisha), nikaumia kwa niaba ya mama. Yeye hakumlazimisha, alikaa mkekani akimwimbia. Sasa anamtambalia nyumba nzima, “ba-ba-ba”, na bibi anaitika kila mara: “Abee, mume wangu!” Babu anakuja Jumamosi. Nawapenda mno wazee wangu.