Siku moja maishani mwangu: virusi viwili kati ya 212

Saa 1:15 asubuhi. Nafungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na kutoa sampuli kumi za plazima, zote za watu ambao hawajaanza dawa za kufubaza VVU. Nahakiki namba mara mbili, kisha naingia chumba safi. Kwetu mwendo ni wa upande mmoja: ukishaingia chumba cha kuzidishia vinasaba, hurudi huku hadi kesho. Chembe isiyoonekana ikitoka kule ikadondokea sampuli ya huku, nitamwandikia mtu usugu wa virusi dhidi ya dawa, usugu asiokuwa nao.

Saa 3. Nanakili RNA ya virusi iwe DNA. Kila nakala ya kwanza naibandika alama yake, herufi chache zilizopangwa bila mpango. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Bila alama, PCR, njia ya kuzidisha DNA, ikishafanya kazi yake, kirusi kimoja kilichosomwa mara elfu hakina tofauti na virusi elfu. Zamani nilifanya kazi bila alama hizi, na asilimia nilizoziandika wakati ule leo nisingezitia sahihi.

Saa 6 mchana. Napakia mashine ya kusoma vinasaba. Majibu si ya leo.

Saa 7. Nafungua majibu ya kundi la nyuma. Tisa ni safi. La kumi ni la mama aliyewahi kupewa dozi moja ya nevirapini, dawa ya VVU, alipojifungua, miaka mingi iliyopita. Usomaji wa vinasaba kwa njia ya Sanger, uliozoeleka, hauoni virusi sugu vikiwa chini ya asilimia 15 hadi 20 hivi, na kwake ungesema hakuna kitu. Mimi naona virusi viwili kati ya 212 vyenye K103N, badiliko la vinasaba linaloleta usugu. AAA imekuwa AAC. Herufi moja tu, na nevirapini na efavirenzi, dawa za kundi moja, zinapoteza nguvu.

Je, ni kosa la maabara? Kimeng'enya cha kunakili hukosea, tuseme, mara moja katika herufi 10,000. Kukosea mara mbili mahali palepale katika nakala 212 ni vigumu. Natazama kipimo hasi, yaani sampuli isiyo na virusi niliyoipitisha pamoja na nyingine: kitupu. Nalinganisha herufi nyingine zote za virusi hivyo viwili, maana vingeweza kuwa vya sampuli jirani. Ni vyake.

Saa 9 alasiri. Daktari wake anapiga simu.

"Habari za kazi, dada. Dolutegraviri haimfai, nimempangia efavirenzi. Nimwanzishe?"

"Salama, daktari. Usugu upo, ila nimehesabu virusi 212 tu. Huenda ni asilimia moja, huenda ni tatu."

Angekuwa anaanza dolutegraviri, dawa ya kundi jingine ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipa nafasi ya kwanza mwaka 2019, nisingemchelewesha hata siku moja, kwa sababu K103N haiigusi. Kwa efavirenzi ni vingine. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba virusi sugu vichache kama hivi huongeza hatari ya matibabu kushindwa zaidi ya maradufu. Wapo wanaofanikiwa navyo, nami namwambia hilo pia.

"Ungekuwa wewe?"

"Ningetafuta dawa ya kundi jingine. Nami nitarudia kwa plazima nyingi zaidi nipate hesabu kubwa."

Anakubali kutafuta.

Saa 11 jioni. Mrija wake wa pili bado umo kwenye friza. Nauhamishia sehemu ya mbele, naandika namba yake juu kabisa ya orodha ya kesho.