Nani ana namba Justice League? Muulize mhariri wake

Ukimuuliza mtu Justice League, ile timu ya masupahiro wa kampuni ya komiki ya DC, ni akina nani atakutajia fasta Superman, Batman, Wonder Woman, Flash, Green Lantern, Aquaman, halafu kwa wa saba ndo ubishi unaanza, huyu anasema Cyborg, yule anasema jamaa wa kijani wa kutoka Mirihi, na waliokua na ile katuni ya 2001 watakwambia Hawkgirl tena Aquaman wanamtoa kabisa. Wote wako sahihi, inategemea tu mtu ameanzia mwaka gani.

Mi hizi komiki za DC nimezisoma sana na nilichokuja kugundua ni kwamba hiki kikosi hakipangwi kwa nguvu, sijui nani anaruka nani ana mbio, kinapangwa mezani. Kila supahiro mkubwa ana mhariri wake anayemlinda, na anayeandika Justice League anapewa yule ambaye mhariri wake amekubali kumwachia. Ukishalijua hilo vitu vingi vinaeleweka, hasa vile vikosi vya ajabu ajabu ambavyo ukiviangalia unajiuliza hawa walikuwa wanafikiria nini.

Tuanze mwanzo kabisa. Timu ya kwanza ya masupahiro ilikuwa Justice Society, kwenye All Star Comics namba 3 ya 1940, mwandishi Gardner Fox. Ikafa miaka ya hamsini mwanzoni masupahiro walipopoteza soko. Mhariri Julius Schwartz alipotaka kuifufua akambakisha Fox huyo huyo, mchoraji akawa Mike Sekowsky, ila neno Society hakulipenda, aliona League vijana wanalijua tayari kwenye ligi zao za baseball. Ndo ikatoka The Brave and the Bold namba 28, mapema 1960.

Sasa itafute hiyo kava uiangalie. Kuna samaki nyota mkubwa kama nyumba, jicho moja katikati, anaitwa Starro, na wanaopigana naye ni Aquaman, Wonder Woman, Flash, Green Lantern na Martian Manhunter, yule jamaa wa kijani wa Mirihi. Superman na Batman? Hawapo! Ni memba lakini kwenye kava hawaonekani, na ndani ya hadithi wanapita tu, sababu wahariri wao, Mort Weisinger na Jack Schiff, waliogopa watu wao wakionekana kila mahali watachuja. Yaani toleo la kwanza kabisa, tayari vita ya nani ni wa nani. Na huyo Starro usidhani alishindwa kwa ngumi, alishindwa kwa chokaa. Kuna kijana mmoja, Snapper Carr, alikuwa anamwaga chokaa kwenye majani ya kwao, na chokaa iliyomganda mwilini ndo ikamkinga nguvu za Starro zisimpate, wakubwa kuona hivyo wakammwagia samaki chokaa mpaka akaganda. Kijana akapewa umemba wa heshima, kazi yake kubwa ikiwa ni kupiga vidole. Mambo ya 1960 hayo.

Baada ya majaribio matatu komiki ikapata jina lake yenyewe mwishoni mwa mwaka huo huo, Justice League of America namba 1, na iliuza vizuri mpaka Martin Goodman, bosi wa ile kampuni iliyokuja kuitwa Marvel, akamwambia Stan Lee naye atengeneze timu. Fantastic Four ikatoka 1961. Kwa hiyo mashabiki wa Marvel mnaotucheka, mjue mna deni.

Miaka ya sitini kikosi kilikua pole pole, Green Arrow akaingia 1961, Atom 1962, Hawkman 1964. Na kuanzia 1963 wakawa wanakutana kila mwaka na wale wazee wa Justice Society, walioambiwa wanaishi kwenye Dunia nyingine, utamaduni uliodumu mpaka 1985. Halafu Denny O'Neil akashika kalamu 1968 akaanza kufagia. Wonder Woman akaondoka sababu kwenye komiki yake mwenyewe alikuwa amepoteza nguvu, Black Canary akaja mahali pake, na 1969 kwenye namba 71 Martian Manhunter naye akaondoka zake kufuata watu wake. Hapa nataka nikae kidogo maana huyu Martian Manhunter, jina lake la kwao J'onn J'onzz, ndo mtu wangu.

J'onn alianza 1955 kwenye Detective Comics namba 225, kihadithi kidogo cha kujazia nyuma ya Batman. Anaruka, ana nguvu, anapotea asionekane, anasoma akili, anajigeuza umbo lolote, udhaifu wake moto. Ukihesabu nguvu zake anamzidi hata Superman lakini hajawahi kuwa na jina la kuuza magazeti, na hicho ndo kilichomweka Justice League na ndo kilichomtoa. Mwanzoni Superman hapatikani kwa hiyo J'onn anafanya kazi zote za Superman. Superman alipoanza kuachiliwa kuja kila toleo, J'onn akawa wa nini tena? Wakamsahau mpaka wakamsafirisha. Miaka kumi na tano, ukiacha kuonekana kwa bahati bahati, hayupo.

Wakati huo wenzake walihamishia makao yao kwenye setilaiti, 1970, na hiyo enzi ya setilaiti wazee wengi ndo wanaiita Justice League ya kweli. Mimi naiheshimu zaidi kuliko ninavyoipenda. Mchoraji Dick Dillin alichora karibu kila toleo kuanzia 1968 hadi alipofariki 1980, mtu hasifiwi kabisa huyu, George Pérez alipochukua nafasi yake kwenye namba 184 watu wakamsahau siku ile ile. Wakaongezeka Elongated Man, Red Tornado, Zatanna, Firestorm. Hawkgirl yeye alicheleweshwa miaka kwa sheria kwamba hawataki memba wawili wenye nguvu zinazofanana, mume wake Hawkman yupo ndani tangu 1964 yeye anasubiri nje mpaka 1977. Mbona wanaofanana nguvu na Superman sheria hiyo haikuwazuia? Haya.

Basi ikafika 1984 na hapa ndo utamu. X-Men ya Marvel na New Teen Titans ya DC walikuwa wanauza kuliko kawaida, zote zikiwa na vijana, mapenzi, ugomvi wa ndani, na Justice League ilikuwa watu wazima wanaokutana wanapiga adui wanarudi makwao, sababu maisha yao halisi yako kwenye komiki nyingine ambazo Gerry Conway kama mwandishi haruhusiwi kuzigusa. Conway akaamua, kama siwezi kuwagusa hawa basi nitachukua wa kwangu. Kwenye Annual namba 2, yaani toleo maalum la mwaka, Aquaman anavunja timu, anasema anayebaki abaki kazi hii iwe ndo kazi yake ya kila siku, asiyeweza kwaheri. Wakubwa wote wakaenda. Wakabaki yeye, J'onn aliyekuwa ndo kwanza amerudi, Zatanna na Elongated Man, halafu wakaongezwa wapya, Steel, Gypsy, Vibe na Vixen, makao makuu yakahamishiwa Detroit.

Watu wameicheka hiyo Justice League Detroit mpaka leo na kuna sehemu wana haki, Vibe alikuwa kijana wa Kipuertoriko anayecheza breki dansi na lafudhi ya kuandikwa vibaya, hata kumsoma ni tabu. Ila wazo lenyewe lilikuwa zuri jamani! Mwandishi mwenye watu wake anaweza kumuumiza mtu na akaumia kweli. Na Vixen je? Mari McCabe, mwanamitindo kutoka Zambesi, nchi ya kubuni ya Afrika, ana kidani kinachompa uwezo wa mnyama yeyote anayemtaka. Huyu alitakiwa awe na komiki yake 1978, angekuwa mwanamke mweusi wa kwanza DC kubeba jina la mfululizo, ila mwaka huo kampuni ilifuta magazeti mengi kwa mpigo na lake likaondoka kabla halijafika sokoni. Alizurura mpaka Detroit ikampa namba. Kwa hilo tu mimi siitukani Detroit.

Soko lilikataa hata hivyo. Aquaman mwenyewe aliyeleta sheria ya kazi ya kila siku akaondoka kabla ya wote (hili huwa linanichekesha), Batman akarudishwa kuokoa jahazi, haikusaidia. Matoleo ya mwisho yaliandikwa na J.M. DeMatteis, Vibe akauawa, Steel naye akaenda, na 1987 komiki ikafungwa namba 261.

Mwezi mmoja baadaye, Justice League namba 1 mpya. Mhariri Andy Helfer, hadithi Keith Giffen, maneno DeMatteis, michoro Kevin Maguire. Walitaka wakubwa kama kila mtu, lakini Superman alikuwa anaanzishwa upya na John Byrne, Wonder Woman yuko na George Pérez, Flash mpya naye ndo anaanza, kote huko waliambiwa hapana. Denny O'Neil, ambaye sasa alikuwa mhariri wa Batman, akawaonea huruma akawapa Batman. Waliobaki wakaokotwa: Blue Beetle ambaye DC walimnunua kutoka kampuni ya Charlton, Captain Marvel (wa DC huyu, yule wa Shazam), Mister Miracle, Doctor Fate, Black Canary, Guy Gardner ambaye ni Green Lantern ambaye hakuna anayempenda, na bila shaka J'onn, maana J'onn hana wa kumkatalia.

Kava ya namba 1 ni sura tupu, wamekusanyika wanakuangalia wewe msomaji kutoka chini, kila mmoja na uso wake, Guy mbele amenuna kama anataka mpigane. Hiyo kava iliigwa mara ngapi sijui, hata wao wenyewe waliiiga. Na Maguire ndo siri, huyu jamaa alikuwa anachora nyuso kuliko ngumi. Namba 5 Guy anavua pete yake ya nguvu anamtaka Batman wapigane kiume, mashabiki wamejiandaa kwa vita ya kurasa kumi, Batman anamshusha kwa ngumi moja tu, kwisha. Blue Beetle anacheka mpaka basi, na Black Canary aliyekuwa hayupo analalamika kwamba amekosa kuona. Ukurasa mzima ni macho na midomo ya watu, adui hata hayupo, na bado kila shabiki anaujua. Guy alipoamka akajigonga tena kichwa akawa mpole kama malaika kwa muda mrefu.

Halafu wakaingiza Booster Gold, wakapata udhamini wa Umoja wa Mataifa, jina likabadilika kuwa Justice League International, 1989 wakazaa tawi la Ulaya lenye kituo Paris, Blue Beetle na Booster wakafungua kasino kisiwani ambacho kumbe kisiwa chenyewe kina uhai. J'onn katikati ya hawa wehu ndo akapata utu kwa mara ya kwanza, mzee mwenye huzuni, mwenye kulea, mraibu wa biskuti. Mimi naamini kama Giffen angepewa Superman 1987 hiyo komiki ingekuwa ya kawaida na leo hakuna angeiongelea. Wakubwa hawaruhusiwi kuaibika. Blue Beetle anaruhusiwa.

Giffen na DeMatteis waliondoka 1992 na baada ya hapo miaka minne napita haraka. Dan Jurgens alimweka Superman awaongoze wale wale waliobaki, zimwi linaloitwa Doomsday likaja likawatwanga na kumpeleka Blue Beetle kwenye koma, Superman akafa, zikafuata komiki tatu kwa wakati mmoja na zote zikafutwa 1996. Usijitese nazo.

1997 Grant Morrison na Howard Porter wakaja na JLA (kifupi cha Justice League of America) na hoja rahisi: wakubwa saba wote, basi. Ila hata hapo meza ilitia mkono, maana aliwapata wakubwa kama walivyokuwa mwaka huo, Green Lantern ni kijana Kyle Rayner, Flash ni Wally West, Aquaman ana ndevu na ndoana mahali pa mkono, na Superman akageuzwa wa umeme, rangi ya bluu, sababu ndo alivyokuwa kwenye komiki zake. Morrison hakulalamika, aliyatumia yote hayo akaruka nayo mpaka mwezini kwenye kituo chao kipya. Ikauza sana. Na J'onn yumo!

2006 Brad Meltzer alianza upya na akampa Vixen nafasi, nilifurahi mno. 2008 J'onn akauawa kwenye hadithi kubwa ya Final Crisis ndani ya toleo la kwanza, kurasa chache tu, akarudi baadaye. Halafu 2011 DC walipoanzisha kila kitu upya, Geoff Johns na Jim Lee wakaweka Cyborg kama mwanzilishi na J'onn hayumo kabisa. Cyborg simchukii, alikuwa Titans miaka mingi na alistahili kupanda, ila walimpandisha halafu kwa muda mrefu wakamwachia kazi ya kufungua milango ya kusafiria tu. Scott Snyder 2018 ndo alimrudisha J'onn kama mwenyekiti.

2022 wakaifunga kwenye namba 75 kwa kuwaua karibu wote, kifo cha komiki mnakijua, mtu anakufa halafu anarudi, na ikapita miaka miwili bila Justice League sokoni. Iliporudi Novemba 2024 ikawa Justice League Unlimited, Mark Waid anaandika, Dan Mora anachora, na safari hii karibu kila supahiro ni memba, toleo hili wanaenda hawa, linalofuata wale. Kwa Waid ni ujanja mkubwa, mhariri mmoja akikataa kuna wengine kibao wa kuchukua. Mimi bado naisoma kwa sababu ya michoro ya Mora, ila nimeshaanza kumiss kikosi kidogo cha watu ambao hawakutakiwa kokote.